Kwa anayeanza kusoma jeshi la anga la Kongo

Wengi huanzia kwenye orodha ya ndege: Mirage za kivita ngapi, C-130 za kubebea watu na mizigo ngapi, Su-25 za mashambulizi ngapi. Orodha iache mwisho. Tangulia kuuliza nani alirusha, nani alitengeneza, na vipuri vilitoka wapi.

Chukua Katanga ya 1961, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo. Serikali ya Moïse Tshombe ilipata Fouga Magister tatu, ndege za mafunzo za Kifaransa zilizofungwa silaha. Kufikia Septemba ni moja tu iliyokuwa ikiruka, na rubani wake alikuwa mgeni wa kukodiwa. Hiyo moja iliwapiga askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa Jadotville na kuzitia hofu ndege za Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Umoja huo haukuwa na ndege ya kivita hata moja pale. Ikabidi Sweden, Ethiopia na India zilete za kwao. Desemba 1962 Waswidi wakaziteketeza ndege za Katanga zikiwa chini, Kolwezi.

Hapo hapo jifunze majina ya miji kwa jozi, la sivyo utapotea: Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, Stanleyville ni Kisangani. Katanga nayo iliitwa Shaba enzi za Zaire.

Usidanganywe na rangi za ndege pia. Ndege za T-28 na B-26 zilizowashambulia waasi walioitwa Simba, miaka ya 1960, zilibeba alama za Kongo, lakini marubani wengi walikuwa Wakuba waliomkimbia Castro, na mlipaji alikuwa CIA. Mwaka 1965 Che Guevara akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na Wakuba wake kuwasaidia waasi. Vita ya Wakongo, Mkuba juu, Mkuba chini!

Zama za Mobutu ndizo zenye vifaa vya kupendeza: Aermacchi MB-326 za Italia, Mirage 5 za Ufaransa, C-130 za Marekani. Mirage ziliagizwa 17, na hazikufika zote. Vyanzo viwili vikigombana juu ya idadi, angalia kwanza kama kimoja kinahesabu mkataba na kingine kinahesabu zilizotua. Zilizotua nazo si zote zilizopaa tena.

Mimi ningekushauri uzisome C-130 kwa bidii kuliko Mirage, ingawa picha zake hazimvutii mtu. Kwenye nchi kubwa hivyo yenye barabara chache, mwenye ndege ya kubebea watu ndiye anayefika kwanza. Mei 1978, askari wa Legion ya Kigeni ya Ufaransa waliporuka kwa miavuli Kolwezi, baadhi yao walibebwa na C-130 za Zaire yenyewe. Agosti 1998 kikosi cha James Kabarebe, kamanda wa Rwanda, kilipakiwa kwenye ndege za abiria zilizotekwa Goma, kikashushwa Kitona karibu na Atlantiki, zaidi ya kilomita 1,500, bila ndege ya kivita kukizuia. Kinshasa iliokolewa na Angola na Zimbabwe, zenye majeshi ya anga yanayoruka.

Kwa habari za karibuni, andika kauli za pande zote mbili. Su-25 ya Kongo iliyopigwa kombora Goma, mpakani na Rwanda, tarehe 24 Januari 2023 na ikafanikiwa kutua: Kigali ilisema iliingia anga yake, Kinshasa ikakana. Weka tarehe, uwanja na kila kauli kwa jina la aliyeitoa, kisha ndipo urudi kwenye orodha yako.