Megapikseli 61 ni za kazi gani?

Barua za safari hii nyingi zinazunguka jambo moja: kamera zisizo na kioo (kile cha ndani kinachorusha taswira ya lenzi kwenye kidirisha cha kutazamia), za fremu kamili (sensa yake, yaani kibamba kinachopokea mwanga, ina ukubwa wa filamu ya 35mm), zile zenye megapikseli, yaani pikseli milioni, 45 kwenda juu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika ameshaanza kutafuta mnunuzi wa vifaa vyake.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha za harusi. Natumia Nikon ya kioo, megapikseli 24, na lenzi tatu. Mojawapo ni 85mm ya zamani sana aliyoniachia mwalimu wangu wa kazi. Mwenzangu kanunua Sony isiyo na kioo ya megapikseli 61. Kila tukikutana ananionyesha picha ileile, anaivuta kwenye skrini mpaka kope za bibi harusi zinahesabika, halafu ananiambia niuze kila kitu nimfuate. Naomba unieleze uzuri na ubaya wa kamera hizi bila kunificha.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hizo kope, maana ndizo zinazouza kamera hizi.

Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Ya Sony Alpha 7R IV, iliyotoka 2019, na ya 7R V iliyoifuata 2022, ina 9504 kwa 6336. Ukisikia 24 na 61 unadhani picha imekua mara mbili na nusu. Pima upana uone: imekua mara moja na nusu na kidogo. Mimi nachapa picha vilevile, kwa hiyo kila namba naigeuza kuwa sentimita. Kwa pikseli 300 kila inchi, faili lako linajaza karatasi ya upana wa sentimita 50. La mwenzako linajaza ya 80. Sasa hebu kumbuka ni wateja wangapi wamewahi kukuagiza hata hiyo ya 50. Runinga ya 4K inaonyesha pikseli milioni 8 tu, na simu nyingi hazifiki hata hapo. Kope anazihesabu mwenzako. Bibi harusi anaangalia kama amependeza.

Ila sitaki uniweke kundi la wanaozibeza pikseli. Zina kazi, na kwenye harusi kazi yake kubwa ni moja: kukata. Umepiga picha ya kulala, maharusi wanaingia, na pembeni kuna mtu kanyanyua tableti juu ya vichwa vya watu. Unataka picha ya kusimama, wao wawili tu. Kwenye faili la 61 unakata kipande cha 4224 kwa 6336, na bado una karibu megapikseli 27, yaani zaidi ya ulizonazo leo kwenye picha nzima. Ukikata hivyohivyo kwenye kamera yako unabaki na 10 na ushee. Zinatosha ukurasa wa albamu, lakini huna tena nafasi ya kukata mara ya pili. Kwa mtu anayefanya kazi mahali asipoweza kusogea, labda kazuiwa kupita safu fulani ya viti, huo ni msaada mkubwa.

Watakuambia pia kwamba kamera hizi zinaokoa vivuli: unapiga shela jeupe na suti nyeusi kwenye jua, unalinda shela lisiungue, kisha kwenye kompyuta unaivuta suti mpaka mishono inaonekana. Kweli kabisa. Lakini nguvu hiyo kwa sehemu kubwa inatokana na ukubwa wa sensa, milimita 36 kwa 24, ambayo kamera za fremu kamili zenye megapikseli 24 zinayo pia. Ndivyo ilivyo hata kwa fokasi inayoshika jicho na kulifuata, na kidirisha cha kutazamia kinachokuonyesha mwanga wa picha kabla hujabonyeza. Hayo ni matunda ya kuondoa kioo. Usiyalipie kwa hesabu ya megapikseli.

Sasa ubaya, na hapa nisikilize vizuri.

Pikseli za sensa hiyo ni ndogo, kila moja ina upana wa chini ya maikromita 4. Mtikisiko ambao kwenye kamera yako unaangukia ndani ya pikseli moja na kupotea, kule unaenea pikseli mbili. Ile kanuni tuliyofundishwa, kwamba lenzi ya 50mm inatosha sehemu ya 60 ya sekunde, isahau. Nenda 125, na kama watu wanacheza, 250 au zaidi. Ndiyo, kamera za sasa zina kituliza mtikisiko ndani ya mwili (ile 7R ya kwanza ya 2013 haikuwa nacho, kilikuja na 7R II mwaka 2015), lakini kinatuliza mikono yako wewe. Bwana harusi akiruka na miguu yote miwili, hakimhusu.

Kisha fokasi. Juzi nililetewa faili la namna hiyo nilichape kubwa, sura ya mwanamke, lenzi ya 85mm imefunguliwa mpaka f/1.4 (hiyo ni namba ya tundu la lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kwenye skrini ya simu ya mwenyewe ilikuwa inakata kama wembe. Nilipoitoa kwenye karatasi, kope za jicho la karibu zilikuwa kali moja moja, wanja umeonekana ulipokatikia, lakini mboni yenyewe ilikuwa laini, na jicho la pili limeshaanza kuyeyuka. Kwa umbali huo na tundu hilo, sehemu iliyo kali kwelikweli ni milimita chache. Kamera ya pikseli chache ingekuwa na kosa hilohilo, ila hakuna ambaye angeliona. Mwenye picha alitaka kujua mashine yangu ina tatizo gani. Nikamwambia afunge lenzi mpaka f/2.8.

Hiyo 85mm yako ya urithi nayo ina shauri lake. Kama ni ya enzi zile ambazo mota ya fokasi ilikaa kwenye kamera na si kwenye lenzi, basi hata ukihamia Nikon isiyo na kioo na kuifunga kwa adapta ya FTZ, itapiga picha ila fokasi utaizungusha kwa mkono. Kuipeleka kwenye Sony ni kujitafutia adapta za watu wengine na bahati yake. Na lenzi ya zamani iliyo laini pembeni, sensa ya 61 haiiboreshi. Inakuchorea ulaini huo kwa undani zaidi.

Mafaili. RAW (faili ghafi la kamera) isiyobanwa ya Sony ile inakaribia megabaiti 120. Piga picha 2000 kwa harusi moja, si nyingi hizo, una gigabaiti 240, na nakala ya pili inazifanya 480. Kompyuta yako inayokohoa sasa itapumzika kabisa. Kuna nafuu: 7R V inakuruhusu kupiga RAW iliyobanwa bila kupoteza kitu, na kwa vipimo vitatu, 61, 26 na 15. Wapiga harusi wengi wenye busara wanaiweka kwenye 26 siku nzima. Lakini hapo nami nauliza: kama utashinda kwenye 26, ulinunua 61 ya nini?

Betri nitaigusa tu. Kidirisha cha kielektroniki kinakula umeme wakati wote unapotazama. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, 7R IV inahesabiwa picha 530 kwa chaji ukitumia kidirisha. Nikon D850 ya kioo, yenye megapikseli 45.7, inahesabiwa 1840. Ukipiga kwa mfululizo utazipita namba zote mbili, ila tofauti ndiyo hiyo. Nunua tatu.

La mwisho ni shata ya kimya, ile ambayo sensa inasomwa bila pazia la mitambo kufunga. Mwenzako lazima alikusifia, maana haimkatizi anayefungisha ndoa. Sensa yenye pikseli nyingi husomwa mstari kwa mstari, na kwenye 7R IV kusoma yote kunachukua karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Anayepita haraka anapinda. Mbaya zaidi, chini ya taa za LED za ukumbini unapata michirizi ya giza imekatiza picha nzima, na hiyo huiondoi kwa urahisi kwenye kompyuta. Ukumbini tumia shata ya kawaida. Zipo kamera zilizolitatua hili bila kupunguza pikseli mno, kama Nikon Z9 ya 2021, ambayo sensa yake ya 45.7 inasomwa haraka kiasi kwamba hawakuiwekea shata ya mitambo hata kidogo, lakini hiyo ni kamera ya daraja lingine kwa bei na kwa uzito.

Ushauri wangu: usiuze lenzi. Kama unataka kuacha kioo, na sababu zipo, tafuta Nikon Z6 II, megapikseli 24.5. Ina nafasi mbili za kadi. Z6 na Z7 za 2018 zilikuwa na moja, na harusi hairudiwi kwa sababu kadi imekufa. Kabla ya hapo, kodi hiyo ya 61 kwa kazi moja, halafu nenda nayo mpaka mwisho: piga, hamisha, safisha, kabidhi. Kupiga tu hakutakuonyesha kitu.

SWALI: Mwalimu, kazi yangu ni kupiga picha za michoro ya rangi na vitambaa vya kusukwa kwa ajili ya makumbusho na wakusanyaji wa sanaa. Je, hii hali ya kuunganisha picha nyingi kuwa moja ya megapikseli 240 ni kweli au ni maneno ya matangazo? Na kwa nini baadhi ya vitambaa vinatoka na mawimbi ya rangi ambayo hayapo?

JIBU: Dada yangu, wewe ndiye kamera hizi zilitengenezewa. Nunua.

Ile ya 240 ni kweli. Kwenye 7R IV kamera inapiga picha 16, na kati ya moja na nyingine inaisogeza sensa kwa nusu pikseli au pikseli nzima. Unaziunganisha baadaye kwenye kompyuta kwa programu ya Sony yenyewe. Kila sehemu ya mchoro inakuwa imesomwa kwa nyekundu, kijani na buluu halisi badala ya kukisiwa kutoka kwa jirani, na kwa macho yangu faida kubwa iko kwenye rangi hiyo kuliko kwenye ukubwa. Utaona nyuzi za turubai chini ya rangi, na nyufa nyembamba kama unywele zilizokauka juu ya varnishi.

Masharti yake ni magumu. Hakuna kinachoruhusiwa kusogea tangu ya kwanza hadi ya 16. Tripodi nzito, kuamrisha kamera kwa programu na si kwa kidole, feni izimwe, na kama sakafu ni ya mbao, simama tuli mpaka imalize. Lori likipita nje unaweza kuanza upya. Mwanga nao usibadilike. Dirisha lenye mawingu yanayopita halifai. Lenzi iweke f/5.6 mpaka f/8. Wengi hukimbilia f/16 wakidhani ndiyo kali zaidi, kumbe kwenye tundu dogo hivyo mwanga unajitawanya ukipita ukingoni, na kila nukta inaenea juu ya pikseli kadhaa. Unakuwa umelipia pikseli kisha umezifunika.

Mawimbi yanatokea pale nyuzi za kitambaa zinapokaribiana kwa mpangilio na mistari ya pikseli. Kamera nyingi za aina hii, 7R IV na Z7 zikiwemo, hazina kile kichujio cha kulainisha mbele ya sensa, kwa hiyo zinatoa picha kali zaidi lakini zinaruhusu mawimbi. Sogeza kamera mbele au nyuma kidogo, au igeuze pembe, uone kama yanapotea. Picha za kuunganisha nazo huyapunguza sana. Ikishindikana kabisa, hapo ndipo f/16 ninayoikataza inapata kazi: ulaini wake unayafuta. Na usiyahukumu kwenye skrini picha ikiwa imepunguzwa, kwa sababu skrini nayo ina mawimbi yake. Tazama kwa asilimia 100, yaani pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini.

SWALI: Nasikia megapikseli zikiwa nyingi, chengachenga usiku nazo zinakuwa nyingi. Ni kweli?

JIBU: Ukiivuta kila picha kwa asilimia 100, ndiyo. Ukizichapa mbili kwa ukubwa uleule, moja ya 24 na moja ya 61, sensa zikiwa za rika moja na ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) ileile, tofauti ni ndogo mno mpaka ISO za juu sana. Chapa, acha kuvuta.

SWALI: Tangu nihamie kamera isiyo na kioo naona madoa meusi kwenye anga la picha zangu, hasa za mandhari. Je, sensa imeharibika?

JIBU: Ni vumbi. Kamera yako ya zamani ilikuwa na kioo na pazia mbele ya sensa. Ya sasa ukitoa lenzi sensa iko wazi mbele yako. Baadhi, kama Canon EOS R5, zinaweza kufunga pazia la shata ukizima, na hapo epuka kuligusa hilo pazia, ni dhaifu kuliko linavyoonekana.

Jipime hivi: weka f/16, ondoa fokasi, piga ukuta mweupe. Doa likikaa palepale kwenye kila picha, liko kwenye sensa. Zima kamera kabla ya kubadili lenzi, mdomo wake uangalie chini, na lenzi ya pili iwe tayari mkononi. Kupuliza tumia kipulizio cha mpira. Usitumie kopo la hewa iliyobanwa, na usipulize kwa mdomo, mate yakikauka pale hayatoki kwa upepo. Kama doa limeganda, mpe fundi wa kamera alisafishe kwa ufito na dawa yake, na kama sensa yako iko juu ya kituliza mtikisiko, umwambie mapema, asiikandamize.