Mfanyakazi kwenye karatasi, mwanafunzi bosi akitaka

Swali la wiki hii: anayesoma shahada ya uzamivu ni mwanafunzi au mfanyakazi? Nitajibu kwa ninakokujua, Göttingen nchini Ujerumani, kwenye biolojia ya molekuli na seli. Jibu langu ni mfanyakazi, na anayekwenda kule akijihesabu mwanafunzi ataumia mfukoni.

Chuo cha serikali hakikutozi ada ya uzamivu. Unalipa mchango wa muhula tu, euro mia kadhaa, na humo mna tiketi ya usafiri. Baada ya hapo kuna njia mbili za kula. Ya kwanza ni mkataba wa kazi. Maabara nyingi za biolojia hukuweka ngazi ya mshahara iitwayo E13, lakini si nzima, mara nyingi asilimia 65. Unakatwa kodi, pensheni na bima ya afya, mwajiri anachangia karibu nusu ya bima hiyo, na likizo ni siku 30 kwa mwaka. Njia ya pili ni posho ya ufadhili. Haikatwi chochote, ndiyo maana inapendeza machoni. Subiri uanze kulipa bima mwenyewe, yote, tena bila ile bei nafuu ya wanafunzi, kwa sababu kwenye bima watu wa uzamivu hawahesabiwi wanafunzi. Pensheni huna, na posho ikikoma huna fao la kukosa kazi. Taasisi za utafiti za Max Planck zenyewe zilianza kuachana na posho mwaka 2015 na kuwapa vijana wao mikataba. Ukipewa kuchagua, chukua mkataba.

Na hilo la kukatwa pensheni kwenye mkataba lisikutishe. Mtu wa kwetu aliyechangia chini ya miezi 60 akarudi nyumbani anaweza, baada ya miaka miwili, kudai sehemu aliyokatwa yeye. Ni fomu tu, lakini wengi huondoka hawana habari.

Sasa hiyo asilimia 65. Kwa hesabu ni kama saa 26 kwa wiki, ila seli unazokuza maabarani hazijasoma mkataba. Maji ya lishe zinamokaa ni mekundu. Zikiongezeka na kumwaga asidi yanaanza kugeuka manjano, na hapo lazima uzihudumie, hata kama ni Jumapili na mji mzima maduka yamefungwa. Unamwaga maji ya zamani, unaziosha, unatia kimeng'enya cha kuzibandua chini ya sahani, unagonga ubavuni kidogo, unatazama kwenye hadubini kama zimeachia. Halafu unazigawa kwenye sahani mpya na kuzirudisha kabatini, nyuzijoto 37, kaboni daioksidi asilimia 5. Ukichelewa, jaribio la Jumatatu halipo. Kwa hiyo unalipwa asilimia 65 na kufanya kazi mia, na kila mtu maabarani anaona ni sawa kwa kuwa "unajisomea". Hapo ndipo uanafunzi unapokumbukwa!

Kinachonikera zaidi si saa, ni mamlaka. Msimamizi wako ndiye anayekupa kazi, ndiye mwenye fedha za mradi unaolipa mshahara wako, na mara nyingi ndiye pia msomaji wa kwanza wa tasnifu, yaani anaitolea alama. Ukigombana naye umegombana na bosi na mtahini kwa mpigo. Programu zilizopangwa vizuri zimelipunguza tatizo kwa kukupa kamati ya watu watatu hivi, unaowaonyesha matokeo yako kila mwaka. Hapo Göttingen ipo programu ya biolojia ya molekuli inayoendeshwa na chuo pamoja na Max Planck, inafundishwa kwa Kiingereza, na hata mwenye shahada ya kwanza tu anaruhusiwa kuomba. Kwa mtu anayetoka mbali, asiye na ndugu mjini, mimi naona kamati hiyo ina thamani kuliko jina la profesa.

Kabla ya kusaini, waandikie wanaofanya kazi kwenye maabara hiyo sasa, si profesa peke yake, uwaulize waliotangulia walimaliza kwa miaka mingapi. Sheria inaruhusu mikataba ya muda hadi miaka sita kabla hujapata shahada ya uzamivu, lakini wengi hupewa mitatu tu, na uzamivu wa biolojia hauishi kwa mitatu kirahisi. Muulize bosi mtarajiwa mwaka wa nne utalipwa na nani, na akujibu kwa maandishi.