Faili lipo, modeli hairudi

SWALI: Assalaam alaikum fundi. Mie ni mwanafunzi wa shahada ya pili, kwetu Wete. Nafundisha modeli ya ResNet-50 (mtandao wa neva wa kutambua picha) ipange madaraja ya karafuu kavu kwa picha, kwenye kompyuta ya nyumbani yenye GPU moja ya NVIDIA (kadi inayofanya hesabu za mafunzo). Natumia PyTorch, maktaba ya kufundishia modeli, na optimaiza ya Adam, yaani kanuni ya kurekebisha vigezo (namba ambazo modeli hujifunza). Umeme hukatika kama mara moja kwa siku. Nahifadhi modeli kila mwisho wa epoki (mzunguko mmoja wa picha zote), yaani kila saa moja na nusu. Mara mbili faili limekataa kufunguka. Mara nyengine limefunguka, lakini kiwango cha kosa kikaruka juu kana kwamba modeli imesahau nusu ya iliyojifunza. Hakuna programu ya kupiga picha mchakato mzima, GPU na yote, bila mie kugusa kodi yangu?

JIBU: Waalaikumu salaam. Umeleta matatizo matatu ndani ya barua moja. Faili lisilofunguka ni jambo la diski. Kosa kuruka ni jambo la ulichokiacha nje. Na hiyo programu unayoiuliza ipo, ila si dawa yako.

Nianze na diski. Nahisi kodi yako huandika kila mara juu ya jina lile lile, tuseme modeli.pt. Faili likifunguliwa ili liandikwe upya, kwanza kabisa hufutwa lililokuwemo. Kutoka hapo mpaka baiti ya mwisho ifike, huna la zamani wala jipya. Yalinikuta mwezi wa Ramadhani: umeme ulikwenda wakati wa daku, uliporudi nikapiga ls -l kuorodhesha mafaili, nikaona jina la faili langu limekaa vizuri, tarehe sahihi, ukubwa 0. Kazi ya siku nne.

Andika kwenye modeli.pt.tmp, ndani ya folda ile ile. Ukimaliza, ita flush kisha os.fsync juu ya faili hilo ili data ishuke kweli diski, ndipo uite os.replace kulipa jina lake la kweli. Kubadilisha jina ndani ya mfumo mmoja wa faili hutokea kwa mkupuo: utakuta ama la zamani zima ama jipya zima. Wengi hukumbuka jina wakaruka fsync, na bila ya hiyo Linux inaweza kukujibu kwamba kazi imekwisha hali data bado imo kwenye RAM inasubiri zamu ya kushuka. Tena bakisha chekipointi (faili la hali ya mafunzo) tatu za mwisho, usitegemee moja.

Sasa hilo la kosa kuruka. Umehifadhi state_dict ya modeli, yaani vigezo vyake, peke yake, sivyo? Adam huweka namba mbili za ziada kwa kila kigezo, wastani wa mteremko (kigezo kisogezwe upande gani na kwa nguvu gani) na wastani wa mraba wake, na zote zinakaa kwenye memori ya GPU. Zikipotea, Adam anaanza kama mgeni juu ya modeli iliyokwisha kuiva: hatua yake ya kwanza husogeza karibu kila kigezo kwa kipimo kizima cha kasi ya kujifunza, mteremko uwe mkubwa au mdogo. Ikiwa na ratiba ya kupunguza kasi hukuihifadhi, basi kasi nayo imerudi juu kama siku ya mwanzo. Ndiyo maana kosa likaruka.

Kwa hivyo weka pamoja modeli, optimaiza, ratiba, GradScaler (kipimo cha kukuzia mteremko) kama unatumia namba za biti 16, epoki na bechi (fungu la picha) uliyofika, na hali ya vizalisha-nasibu (vinavyotoa namba za bahati nasibu) vyote: cha Python, cha NumPy, cha PyTorch upande wa CPU, na kile cha GPU kinachochukuliwa kwa torch.cuda.get_rng_state_all. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa. Usiogope ukubwa. ResNet-50 ina vigezo milioni 25 na nusu hivi. Kwa baiti 4 kila kimoja ni kama MB 102, na namba mbili za Adam zikiongezwa unafika MB 306.

Uhifadhi mara ngapi? Nyinyi wa Pemba mnalijua hili kuliko mie: karafuu ukizianua kila wingu likipita hazikauki, usipozianua mvua inazikuta. John Young aliliandikia fomula mwaka 1974. Chukua sekunde za kuhifadhi mara mbili, zidisha kwa sekunde za wastani baina ya hitilafu moja na nyengine, tafuta kipeuo cha pili. Kuhifadhi kukichukua sekunde 2 na umeme ukikatika mara moja kwa siku, unapata sekunde 588, kama dakika 10. Wewe unangoja dakika 90. Kuhifadhi katikati ya epoki kunataka mpangilio wa picha urudi ule ule, kwa hivyo changanya picha kwa mbegu (namba ya kuanzishia nasibu) inayotokana na namba ya epoki, kisha ruka bechi zilizokwisha kupita.

Kama unataka uzi mwengine (kazi ya pembeni ndani ya programu ile ile) uandike diski huku GPU inaendelea, nakili kwanza kila kitu kwenye RAM, nakala isubiriwe mpaka iishe, ndipo mafunzo yaendelee. Adam hubadilisha vigezo pale pale vilipo. Uzi ukisoma polepole kutoka kwenye GPU, utapata faili lenye nusu ya hatua 4000 na nusu ya 4001. Litafunguka vizuri kabisa, na huo ndio ubaya wake.

Ama hiyo programu: kwenye Linux ipo CRIU, inayogandisha mchakato na kuuandika diski. Peke yake haioni memori ya kadi. Mwaka 2024 NVIDIA walitoa cuda-checkpoint, inayosubiri kazi zilizokwisha kutumwa kwenye GPU zimalizike, ikahamishia memori ya kadi kwenye RAM na kuiachia kadi, ndipo CRIU ikapata cha kuandika. Ni nzuri kwa kuhamisha kazi isiyo yako. Lakini inabeba kila kilichomo, hata memori PyTorch iliyojiwekea akiba tu, na bado lazima uiite mwenyewe kabla umeme haujakatika.

Ukimaliza kurekebisha, jaribu. Kwanza iuwe programu kwa kill -9, amri ya kuiua papo hapo, katikati ya epoki, iendeleze, na linganisha kosa la bechi mia zinazofuata na mbio ambazo hazikukatika. Ukizichora, mistari miwili ya kosa ifuatane karibu sana. Jaribio hilo lakini halipimi fsync, kwa sababu programu ikifa Linux ingali hai na itaishusha data diski bila haraka. Hilo lipime kwa kuchomoa plagi kweli, mara tatu nne, wakati inaandika. Nakili picha zako za karafuu kwenye diski nyengine kwanza, na angalia friji ya mama haiko kwenye ekstensheni hiyo hiyo.