Namba ya Hitilafu Si Jina la Spea

Mara ya kwanza taa ya injini kuwaka kwenye Toyota IST yangu, nilinunua kile kifaa kidogo cha bluetooth cha kusoma hitilafu za gari, nikakichomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, na simu ikanionyesha namba P0171. Maana yake, injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Siku hiyohiyo nikanunua sensa ya oksijeni. Baada ya siku tatu taa ikarudi. Nikanunua sensa nyingine, nikiamini ile ya kwanza ni feki. Taa ikarudi tena.

Wewe unayeanza kujipimia gari nyumbani, hapa ndipo nakuomba utulie. Namba ni malalamiko ya kompyuta. Inakuambia imeona nini, haikuambii ukanunue nini. Sensa yangu ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo, nami nikaitoa kwa kosa la kusema kweli.

Kilichonisaidia ni kuacha ukurasa wa namba na kufungua ule wa vipimo vinavyosomwa injini ikiwa inaunguruma. Tafuta palipoandikwa LTFT. Hiyo ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kusawazisha mchanganyiko. Ikicheza kati ya -10 na +10, usijali. Yangu ilikuwa +24 gari likiwa sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Nilipokanyaga mafuta na kushikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka taratibu hadi +6. Mshuko huo unaeleza mengi. Hewa ya wizi inayopenya kwenye ufa mdogo huonekana sana injini inapovuta hewa kidogo, kisha humezwa ikianza kuvuta nyingi. Kama ingepanda kila ninapoongeza mzigo, ningeanza na pampu ya mafuta au filta yake. Nikaifuata sauti ya mluzi, nikakuta hozi ndogo inayotoka kwenye kava la injini imepasuka kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Bei yake haikukaribia hata robo ya sensa moja.

Kwa gari linalomisi, yaani silinda mojawapo haichomi mafuta vizuri, kazi ni rahisi zaidi. P0302 ni silinda ya 2. Injini kama 1NZ ya Toyota ina koili nne za kutoa umeme wa cheche, kila plagi na yake. Zima gari, hamisha koili ya 2 uiweke kwenye 1, na ya 1 kwenye 2, futa namba, endesha. Ikija P0301, mbaya ni koili. Ikibaki P0302, angalia plagi, kisha nozeli inayopuliza mafuta. Lakini taa ikianza kuwaka na kuzima mfululizo ukiwa barabarani, ondoa mguu kwenye mafuta na utafute pa kuegesha, kwa sababu petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi.

Kabla ya kufuta namba yoyote, ipige picha pamoja na vipimo vilivyohifadhiwa taa ilipowaka: joto, mwendo, mizunguko. Ukifuta, vyote vinaondoka. Ndiyo maana unapokagua gari la kununua unapaswa kushtuka ukikuta halina namba hata moja, huku majaribio ya ndani ya kompyuta yakionyesha bado hayajakamilika. Huenda mtu amefuta asubuhi hiyo.

Kwenye giaboksi, nenda taratibu zaidi. P0700 peke yake inasema tu kwamba kompyuta ya gia ina lake la kusema, na vifaa vingi vya bei nafuu haviwezi kulisoma. Hapo mlipe fundi mwenye mashine kamili akusomee. Wakati unasubiri, pima betri: injini ikiunguruma itoe kama volti 13.5 hadi 14.5, maana umeme dhaifu huzua namba za ajabu. Angalia oili ya gia kama gari lako lina dipstiki. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, usijidanganye kwamba tatizo ni waya. P0750 nayo inahusu solenoidi ya gia, yaani vali inayoendeshwa kwa umeme, ila kagua kwanza plagi ya waya zake, kwa kuwa maji na kutu hutoa namba hiyohiyo.

Ukiongeza oili, weka aina iliyoandikwa kwenye dipstiki au kitabu cha gari, iwe T-IV, WS au nyingine. Giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za hatua, ina oili yake. Muuza spea akikuambia oili ya gia ni moja tu, ondoka dukani kwake.