Nimezoea skeiti za lami. Je, barafu nitaiweza bila mwalimu?

Swali: Shikamoo daktari. Naishi Kirumba, Mwanza. Mwezi wa nane naenda kusoma Tampere, Ufini. Hapa nateleza kwa skeiti za magurudumu, jioni jioni kwenye lami ya Capri Point, na niko vizuri. Huko nataka kujifunza kuteleza kwenye barafu, ila mwalimu wa kulipia sitammudu. Naweza kujifunza mwenyewe bila kuumia? Kuogelea najua, nimekulia ziwani.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera sana. Inawezekana, na mtaji unao. Kusukuma mguu pembeni, kukunja magoti, kuhamisha uzito mguu hadi mguu, vyote utaenda navyo. Usichokuwa nacho ni breki. Skeiti yako ina mpira kisigino. Kiatu cha barafu kina chuma chembamba tu, chenye kingo mbili, ya ndani na ya nje. Kwa hiyo mtu wa magurudumu anajikuta anakimbia vizuri kabla hajajua kusimama, na hapo ndipo anapoumia.

Anzia kwenye uwanja wa barafu, karibu na ukuta, na jifunze kusimama kwanza. Nenda taratibu, elekeza kidole gumba cha mguu mmoja ndani, kisha sukuma kisigino nje ukikwangua barafu kwa ukingo wa ndani. Ukisikia mkwaruzo na kuona unga mweupe unatoka, umepatia. Ukikandamiza sana, chuma kinang'ata na unaanguka. Ukikandamiza kidogo mno, unapitiliza. Fanya kulia, kushoto, kisha miguu yote.

Kuanguka nako kunafundishika, na anza sasa, juu ya godoro. Mifupa ya kifundo cha mkono huvunjika sana pale mtu anapojikinga kwa kiganja. Ukihisi unakwenda, chuchumaa, angukia nyonga kwa ubavu, kidevu kifuani. Ukifika chini kunja ngumi, maana anayekuja nyuma yako ana chuma mguuni. Helmeti na vikinga mikono vyako vya skeiti beba. Na kifundo cha mguu kikiyumba, kabla ya kulaumu mguu fungua kamba ukaze upya, hasa pale kifundoni.

Ziwa ni jambo lingine, na hilo sitaki ujifunze mwenyewe. Tampere ipo kati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi, na maji ya Tammerkoski yanapita katikati ya mji kutoka la kwanza kwenda la pili. Maji yanayokwenda hayagandi kama yaliyotulia. Penye mkondo, chini ya madaraja na kwenye matete, barafu inaweza kuwa nyembamba hata kama hatua chache pembeni ni ngumu. Wengi hushauri angalau sentimita 10 za barafu ngumu, na unene huo hupimwa kwa kutoboa, haukadiriwi kwa macho. Nenda wanakoteleza wenyeji, na usiende peke yako.

Kuhusu kuogelea, tafadhali usikutegemee. Maji ya ziwa letu yana nyuzi kama 25. Yale ya chini ya barafu yanakaribia sifuri. Ukitumbukia unahema kwa nguvu usiyoweza kuizuia, na baada ya dakika chache mikono haikutii tena, hata ungekuwa mvuvi wa Igombe. Tuliza pumzi kwanza, kichwa kikiwa juu ya maji. Kisha geukia ulikotoka, kwa sababu barafu ya huko ilikubeba. Laza kifua juu yake, piga miguu, jivute, na ukitoka viringika. Usisimame mpaka uwe mbali na shimo. Wenyeji huvaa shingoni jozi ya misumari yenye mishikio, ya kuchomeka kwenye barafu na kujivutia. Hiyo inunue kabla ya viatu. Viatu vya kuanzia utakodi uwanjani.