Moyo wa Mwanamke: Maswali ya Wasomaji

Hospitali zimekuwa zikiwafuata wanawake makanisani, sokoni na katika vyama vyao ili kuwapima presha, sukari na moyo, na barua nyingi za mwezi huu zimetokana na ziara hizo. Nimechagua nne.

Sista, hospitali moja ya hapa Nakuru ilikuja kanisani kwetu Kaptembwo ikawapima wanawake bila malipo. Nina miaka 44, na presha yangu ilisoma 158 kwa 96. Nilipewa kikaratasi cha kunielekeza kliniki. Mume wangu anasema huo ni uchovu wa kupanga foleni juani, na kwamba mtu asiyeumwa hana sababu ya kutumia pesa za karo kutafuta ugonjwa. Kweli sisikii lolote mwilini. Je, niende? (Msomaji, Nakuru)

Nenda, mama, na uende wiki hii. Mume wako ana hoja moja ya kweli, nayo ni kwamba kipimo kimoja kilichochukuliwa baada ya kusimama juani hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Presha hupimwa mtu akiwa ameketi na kutulia kwa dakika 5, mgongo umeegemea kiti, miguu yote miwili imekanyaga sakafu bila kupishanishwa, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu, na bila mazungumzo. Aliyekunywa kahawa au kuvuta sigara hungoja kwanza nusu saa. Hata kitambaa kinachofungwa mkononi kikiwa kidogo kwa mkono mnene, namba hupanda kuliko ilivyo. Ndiyo maana, kwa kawaida, ugonjwa huu hauthibitishwi mpaka kipimo kifike 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti. Lakini hoja hiyo inakutaka urudie kipimo. Haikupi ruhusa ya kukiacha.

Kutosikia lolote si dalili ya afya katika jambo hili. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Presha hufanya kazi yake kimyakimya: kuta za moyo hunenepa kwa kusukuma damu kwa nguvu nyingi kupita kiasi, mishipa midogo ya figo huharibika polepole, na siku moja mtu ambaye haumwi huamka mdomo umepinda na mkono mmoja haunyanyuki. Pesa za karo mnazozilinda leo ni chache mno zikilinganishwa na zile za kumuuguza mama aliyepata kiharusi, na ningependa mume wako aisome sentensi hii yeye mwenyewe.

Hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, ambako huduma za msingi kwa waliojisajili na SHA, yaani mamlaka ya serikali ya bima ya afya, hulipiwa na mfuko wa serikali. Pia muulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, kwa kuwa tangu Septemba 2023 wahudumu hao wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, naye anaweza kukupima ukiwa umetulia nyumbani. Presha ikithibitishwa utapimwa mkojo, sukari na figo, na pengine umeme wa moyo. Ikiwa bado unapata hedhi, sema, kwa sababu zipo dawa nzuri za presha, kama enalaprili na losatani, ambazo humdhuru mtoto aliye tumboni. Ukipewa amlodipini na vifundo vya miguu vikavimba, rudi ubadilishiwe. Usiache dawa kimya wala usiazime ya jirani. Na ikiwa siku yoyote namba zitafika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kuuma vikali, macho kufifia au upande mmoja wa mwili kulegea, hiyo si habari ya kungoja kliniki. Nenda hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Dada, mimi ninauza samaki Kibuye, Kisumu. Wauguzi walikuja sokoni, na kabla hata ya kunipima waliniuliza nimebeba mimba ngapi na kama niliwahi kupata presha nikiwa mjamzito. Mtoto wangu wa pili alitolewa kwa upasuaji mimba ikiwa ya miezi saba kwa sababu ya kifafa cha mimba, naye sasa ana miaka tisa. Wakati ule niliambiwa yamekwisha. Moyo wangu unahusianaje na mimba ya zamani? (Mama wa Kibuye)

Unahusiana sana, na wauguzi waliokuuliza swali hilo wanastahili pongezi, kwa sababu ziara nyingi hupima mkono wa mwanamke bila kumuuliza historia yake. Mimba ni mtihani mkubwa kwa moyo. Damu inayozunguka mwilini huongezeka kwa karibu nusu, mapigo huenda mbio zaidi, na mishipa hulazimika kutanuka ili kumlisha mtoto. Presha ya mimba, ambayo ikizidi huleta kifafa, huambatana na kondo la nyuma lisilopata damu ya kutosha na kuathirika kwa utando wa ndani wa mishipa ya mama mwili mzima. Baada ya kujifungua namba hushuka, mara nyingi ndani ya wiki 12, na kila mtu huona hatari imepita. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizowafuatilia wanawake kwa miaka zimeonyesha kwamba aliyewahi kupata tatizo hilo ana uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi baadaye, na uwezekano wa kupata presha ya kudumu ni mkubwa zaidi ya huo. Aliyepata kisukari cha mimba, au aliyejifungua kabla ya wakati kama wewe, naye anapaswa kujichunga.

Hapa ndipo ninapoona pengo kubwa katika huduma zetu. Mtoto huendelea kupelekwa kliniki mpaka anapofika miaka mitano, akipimwa uzani na kuchanjwa, huku mama aliyembeba mgongoni akiwa ndiye aliyenusurika kifafa, na mara nyingi hakuna anayemfunga kipimo. Mashine ipo katika chumba kile kile. Kumpima mama kila anapomleta mtoto chanjo kungechukua dakika chache, na ningefurahi kuona hospitali zinazotoka kwenda sokoni zikianzia kwanza katika kliniki zao wenyewe za mama na mtoto.

Kwa upande wako, dada, pima presha angalau mara moja kwa mwaka hata kama safari hii ilikuwa sawa, na pima sukari pia. Ukitaka mtoto mwingine, usingoje tumbo lionekane: mweleze daktari mapema, kwa kuwa aspirini ya kiwango kidogo inayoanzwa baada ya wiki ya 12, kwa maagizo yake, hupunguza uwezekano wa tatizo kurudi. Ukipanga uzazi, mweleze mhudumu historia hiyo hiyo, maana vidonge vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kupandisha presha, wakati kipandikizi cha mkononi au koili havina tabia hiyo. Kama unakaanga au kubanika samaki kwa kuni, tafuta pa kufanyia kazi penye hewa inayopita, kwa sababu moshi huo huumiza mishipa ya moyo na si mapafu peke yake. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyo ndani ya samaki waliokaushwa kwa chumvi na viungo vya pakiti.

Niongeze neno kwa wanaomsomea barua hii jirani aliyejifungua juzi. Mama anayekosa pumzi akilala chali, anayeamka usiku akihema, au ambaye miguu yake inazidi kuvimba katika mwezi wa mwisho wa mimba au miezi mitano inayofuata kujifungua, asiambiwe kwamba ni uchovu wa uzazi. Misuli ya moyo inaweza kulegea katika kipindi hicho, na hali hiyo hutibika vizuri zaidi ikigunduliwa mapema.

Mimi ni mwenyekiti wa chama cha wanawake hapa Chavakali, kaunti ya Vihiga. Hospitali imekubali kuja kutupima moyo siku ya mkutano wetu, nao wametuahidi hema, chakula na fulana. Kabla hatujakubali tarehe, tuulize nini? (Mwenyekiti)

Swali la kwanza, mwenyekiti, liwe hili: mwanachama akipatikana na presha siku hiyo, kesho yake atakwenda wapi, ataonwa na nani, na dawa atazipata wapi mwezi ujao na ule utakaofuata? Hospitali ikiwa na jibu la wazi, hata isipoleta hema, ikaribisheni. Ikiwa haina jibu, mtabaki na fulana pamoja na namba zilizoandikwa kwenye kadi, na mwanamke aliyetiwa hofu bila kupewa njia ataogopa kupimwa mara nyingine. Nasema hivi kwa kuwa kupima ndiyo kazi nyepesi. Presha na kisukari hutibiwa kwa miaka, na ziara huonekana kuwa na maana pale ambapo jina la mgonjwa linaandikwa katika daftari la kituo kilicho karibu naye, yupo mtu aliyetajwa wa kumpigia simu asipofika, na chama chenyewe kinajua tarehe ya kliniki.

Nanyi hamwanzi jambo geni, kwa maana magharibi mwa Kenya kuna mfano wa kujifunza. Mpango wa AMPATH, ambao unaunganisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret na vyuo vikuu vya ng'ambo vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulianza mwaka 2001 kwa matibabu ya virusi vya ukimwi, kisha ukapanuka hadi presha na kisukari. Watafiti wake walijaribu kuwatibu wagonjwa wa magonjwa hayo wakiwa katika vikundi vya vijijini, vingine vikiwa na mpango wa kuweka akiba na kukopeshana, na mwaka 2021 walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 2,800, wengi wao wanawake. Presha ilishuka kwa wote, hata kwa waliohudumiwa kwa njia ya kawaida; ilishuka zaidi kidogo kwa waliotibiwa katika vikundi. Tofauti haikuwa kubwa, na sitaki kuitia chumvi, lakini inanipa moyo kwa sababu kinachomzuia mwanamke kurudi kliniki mara nyingi ni nauli na bei ya dawa, na chama ndicho chombo ambacho tayari kinashughulikia mambo ya pesa. Tengeni fungu dogo la dawa na nauli katika michango yenu, kama mnavyotenga la mazishi.

Mengine ni madogo ila yana uzito siku yenyewe. Ombeni kitambaa kikubwa cha kupimia kwa ajili ya wenye mikono minene, mahali pa faragha pa kuuliza habari za mimba na za hedhi, na viti vya kutosha ili kila mmoja aketi kabla ya kupimwa. Waambieni wasikilize pia mioyo ya wasichana na wanawake vijana, kwa sababu maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni yanaweza kuleta homa inayoharibu vali za moyo, yaani milango inayopitisha damu ndani yake, na wengi hugundua wakiwa tayari wajawazito na pumzi imewaishia. Anayegunduliwa mapema anaweza kuchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 ili vali zisiendelee kuharibika. Wanachama wanaotumia dawa za virusi vya ukimwi wakumbushwe kwamba presha yao inaweza kupimwa siku ile ile wanapokwenda kuchukua dawa. Na msiweke tarehe iwe siku ya soko, kwa kuwa wanaohitaji huduma hiyo zaidi ndio watakaokuwa nyuma ya meza zao za mboga.

Sista, mama yangu ana miaka 61 na anaishi Siaya. Ana presha. Kwa wiki mbili sasa analalamika kiungulia, taya linauma, na akipanda kutoka mtoni huketi njiani mara kadhaa akitokwa na jasho. Amekuwa akinunua dawa ya vidonda vya tumbo. Anasema kifua hakimwumi, kwa hiyo si moyo. (Mwanawe, Siaya)

Mpeleke leo, ndugu yangu, usingoje mwisho wa mwezi. Maumivu ya kifua ndiyo dalili ya kawaida ya mshtuko wa moyo kwa wanawake na wanaume pia, lakini wanawake, hasa wenye umri mkubwa, mara nyingi zaidi hupata dalili nyingine pamoja nayo au bila hayo maumivu: kichefuchefu, hisia inayofanana na kiungulia, maumivu ya taya, shingo au mgongo, kukosa pumzi, na uchovu usio wa kawaida. Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni kwamba dalili huja anapopanda mlima. Vidonda vya tumbo havina kawaida ya kufuata mlima.

Nenda naye katika hospitali inayoweza kupima umeme wa moyo, na ukifika sema tangu mlangoni kwamba unashuku moyo, ili asiwekwe katika foleni ya wagonjwa wa tumbo. Kipimo cha kwanza kinaweza kuwa sawa wakati dalili hazipo, kwa hiyo uliza kuhusu kipimo cha damu na kuhusu kurudia. Ikibidi kupewa rufaa, Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi wa Kisumu huiita Russia, iko karibu nanyi. Beba dawa zake zote, za presha na hizo za tumbo, ndani ya mfuko mmoja. Asitembee mpaka barabarani, asibebe kitu, na asisafiri peke yake.