Maswali ya Wasomaji: Banda la Kulala na Watoto Wadogo

SWALI: Salamu, mhariri. Mimi na mume wangu tuna watoto watatu: wa miaka saba, wa miaka minne na mchanga wa miezi kumi. Tunataka kulala nje ya jiji usiku mmoja au miwili katika likizo ya Agosti, lakini si ndani ya hema, kwa kuwa hatuoni tutamlazaje mtoto mchanga chini. Tungependa banda la mbao au la mawe ambamo tutajipikia wenyewe. Mume wangu ameng'ang'ania Aberdare kwa ajili ya tembo na maporomoko ya maji, nami naelekea Naivasha. Gari letu ni dogo, la kawaida. Nani kati yetu yuko sahihi?
Mama wa watatu, Umoja

JIBU: Kwa safari hii, mama, uko sahihi wewe. Wazazi wengi wanapochagua mahali pa kwenda huuliza kuna nini cha kuona mchana, ilhali mchana mtoto wa miaka minne hutosheka na ndoo na rundo la mchanga popote utakapompeleka. Usiku ndio unaowarudisha watu Nairobi kabla ya siku zao kwisha: baridi, choo kilicho mbali, giza ambalo watoto wa mtaani kwetu hawajalizoea, na wanyama wanaopita nje ya mlango. Ningeanza kwa kuuliza usiku wa mahali hapo ukoje, na Aberdare ingeanguka hapo hapo.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina nyumba za kujipikia ndani ya mbuga hiyo, na mojawapo, Fishing Lodge, iko kwenye nyanda za juu zinazokaribia mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,800, nanyi mnajua Julai na Agosti zinavyotutesa hapa mjini. Huko juu baridi ya usiku ni ya namna nyingine kabisa, na mtoto wa miezi kumi hawezi kukuambia kwamba miguu yake imeganda. Njia za ndani ya mbuga hutaka gari la magurudumu manne yanayovuta, hasa udongo unapolowa. Tena nyati na tembo ndio wenye mahali hapo, kwa hiyo kumtoa mtoto nje usiku si jambo la kufanya hivi hivi. Maporomoko ya Karuru hayatahama. Mwambie baba watoto ayangoje mpaka kitinda mimba afikishe miaka sita au saba, ndipo safari hiyo itakapokuwa na ladha.

Naivasha iko takriban kilomita 90 kutoka katikati ya jiji. Ziwa liko karibu mita 1,880, hivyo hali ya hewa haitawashtua watoto. Sweta, soksi na kofia ya kulalia vitatosha. Mji una hospitali ya umma na maduka ya dawa, jambo ambalo mzazi wa mtoto mchanga hapaswi kulidharau, na mabanda mengi ya kujipikia yamejipanga kando ya barabara ya Moi South Lake, ambako gari lenu litafika bila shida. Barabara ya chini, ya Mai Mahiu, huonyesha Bonde la Ufa kwa uzuri usio na kifani, lakini ni nyembamba, ina kona na malori yasiyokwisha, na mtoto mwenye tabia ya kutapika garini atatapika papo hapo. Piteni ile ya juu, ya Limuru. Siku ya kurudi, kama ni Jumapili, ondokeni kabla ya chakula cha mchana, kwa maana jioni msongamano wa kuingia Nairobi huwakalisha watoto garini mpaka wakachoka kulia.

Hatari kubwa ya Naivasha ni kiboko. Mchana hukaa majini, na giza likiingia hutoka kwenda kula majani, wakati mwingine mbali na ufuo, na hushambulia akikuta mtu amesimama kati yake na maji. Kambi zinazoaminika zimezungushiwa uzio wa umeme upande wa ziwa. Kabla ya kulipa, piga simu uulize uzio huo huwashwa saa ngapi, na umeme ukipotea nini hufanyika. Mwenye kambi anayejibu kwa kusitasita amekwisha kukujibu. Uliza pia banda lenyewe liko hatua ngapi kutoka ufuoni, kwa sababu katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kumeza sehemu za ardhi iliyokuwa kavu, na picha unazoonyeshwa zinaweza kuwa za zamani.

Katika simu hiyo hiyo, ulizia choo. Kiwe ndani ya banda, si karibu na banda. Kama vitanda ni vya ghorofa, wa miaka minne alale chini, na wa miaka saba apande juu ikiwa tu kuna kizuizi pembeni. Chandarua kiwepo. Naivasha, kama Nairobi, si mahali penye malaria nyingi, lakini mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga ya kutegemea, na chandarua hakina uzito wa kukufanya ukiache nyumbani. Swali ambalo watu husahau ni la muziki: kambi kadhaa za Naivasha hufurika vijana wikendi na baa hupiga muziki mpaka usiku wa manane. Omba banda lililo mbali kabisa na baa, au nendeni katikati ya juma, ambapo mara nyingi na bei hupungua.

Mchana mna Hell's Gate, mbuga ambayo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, na twiga na punda milia wanaonekana kutoka njiani. Korongoni msiingie na watoto. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watalii kadhaa humo, na mvua inayoyaleta yaweza kuwa imenyesha mbali huku juu yenu anga ni jeupe. Mkitaka mashua, pandeni ikiwa tu kuna jaketi okozi za kipimo cha watoto. Mtoto mchanga abaki ufuoni na mmoja wenu.

SWALI: Nina mapacha wa miaka mitano, usiku mmoja tu wa kupumzika, na fedha si nyingi. Je, kuna banda lisilo la mbali ambalo si Naivasha?
Baba wa mapacha, Syokimau

JIBU: Fikiria Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, safari ambayo haizidi kilomita 70 hivi kutoka jijini. Makumbusho ya Taifa yana mabanda ya kawaida kabisa pale, karibu na uwanja ambamo wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe ya watu wa kale katika miaka ya 1940. Mashoka hayo yameachwa chini pale pale yalipopatikana, nanyi mtayatazama mkiwa juu ya njia ya mbao pamoja na mwongozaji. Mapacha wa miaka mitano wataelewa shoka la mawe kuliko unavyodhani. Kuna joto kali, kwa hiyo tembeeni asubuhi mapema; bebeni maji ya kunywa na ya kupikia, chakula chote na chandarua, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa kwa ajili ya nge. Nisingempeleka huko mtoto wa chini ya miaka mitatu. Ukichagua nyumba za KWS badala yake, kumbuka kwamba ada ya kuingia mbugani hulipwa kando na bei ya nyumba, na malipo hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si kwa fedha taslimu langoni.

SWALI: Wanangu wananipeleka na wajukuu kwenye banda la mbao karibu na Mlima Kenya. Baridi ya huko naijua. Je, nibebe jiko la makaa tuliweke ndani usiku?
Nyanya, Kahawa West

JIBU: Hapana, nyanya, tafadhali, hata dirisha likiwa wazi. Makaa yanayong'aa bila moshi bado hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hupoteza fahamu pasipo kuamka. Jiko la makaa likae nje, na la gesi lizimwe kabla ya kulala. Wajukuu wavalishwe nguo mbili tatu nyepesi badala ya moja nzito, pamoja na soksi, na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo iwekwe kitandani nusu saa kabla ya kulala, kisha iondolewe wanapoingia. Ikiwa yupo mchanga, alazwe chali mahali pake peke yake, asifunikwe blanketi usoni. Kama banda lina mahali pa kuwashia moto penye dohani, mwambie mwenye kambi auwashe yeye mwenyewe mara ya kwanza mbele yenu, muone moshi unatoka nje wote.